Huyo Anayemwita Mpenzi

Kama dada mtu angeuma ulimi asubuhi ile, kochi la mteja lingekwisha mapema na Fundi angeendelea na maisha yake kwa amani. Lakini dada huyo hakuwa na desturi ya kuuma ulimi. Aliingia karakana ya mdogo wake bila hodi, akaondoa mkasi juu ya stuli, akaketi, akachomoa simu kwenye mkoba.

“Weka nyundo chini,” alisema.

Fundi alikuwa amebana misumari midogo midomoni, kama wafanyavyo mafundi wa makochi, kwa hiyo hakuweza kujibu. Alionyesha kwa kidevu lile kochi lililobaki mifupa mitupu.

“Kazi utaikuta. Tema hiyo misumari usije ukaimeza. Haya utakayoyasikia hayasikilizwi na misumari mdomoni.”

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya mwanamke.

Fundi aliitambua kabla neno la kwanza halijaisha. Ilikuwa sauti ya mchumba wake. Jina la Kinanda alibandikwa tangu shule ya msingi kwa sababu ya sauti hiyo hiyo, na kule hospitali alikofanya kazi ya mapokezi wagonjwa walisema ukiitwa na yule binti unajiona umepona nusu. Sasa sauti ile ilikuwa inamwita mtu. Ilimwita mpenzi. Ilisema imemtafuta kitandani haikumkuta, na kwamba itatoka kuzunguka mitaani mpaka impate. Halafu mwanamume akaitikia kwa sauti nzito, ya chini kabisa, akamsifia macho, akamsifia meno, akamsifia shingo.

Dada akazima simu. “Nimeona anazidi kuteremka, nikaona nizime.”

“Umeitoa wapi?”

“Shoga yangu katumiwa na yule mama wa mitambo ya kurekodia. Eti wanawaonjesha watu. Mimi nimeonja, nimetapika.”

Fundi alitema misumari kiganjani, akajaribu kucheka. “Dada, hiyo ni ile kazi ya kuwasomea wasioona. Wanarekodi Biblia nzima. Alinieleza mwenyewe.”

“Biblia!” Dada alicheka kwa pua. “Nimepelekwa kanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama, sijawahi kusomewa habari za shingo. Na huyo mwanamume ni nani?”

“Anaitwa Besi. Mwalimu wa kwaya.”

“Yule mgane? Yule mwenye mashati yaliyonyooka kama karatasi?”

“Anajipigia pasi mwenyewe.”

“Ndio hao! Mwanamume anayejua kunyoosha kola yake mwenyewe ni mtu wa kuogopa.” Akaegemea mbele, sauti yake ikashuka. “Mdogo wangu, sisi wazazi hatuna. Jumamosi mimi ndiye wa kukutangulia kwa wale watu, nikae kwenye makochi yao, niseme tumekuja kupanga siku ya harusi. Sasa niende kupanga siku, na huku binti yao anamwita mwanamume mwingine mpenzi, tena kwenye mitambo, dunia nzima isikie? Siendi. Kama kuna jambo hapo litengeneze kwanza, la sivyo Jumamosi nitakuwa nyumbani nafua.”

Akaondoka na simu yake, akamwachia moto.

Fundi alijaribu kurudi kazini. Akapiga msumari, ukapinda. Akapiga wa pili, akajigonga kidole. Maneno hayakumsumbua sana, kwa kuwa maneno yameandikwa na yeyote anaweza kuyasoma. Kilichomchoma ni sauti. Mwaka mzima wa uchumba alikuwa akimbembeleza Kinanda amwite mpenzi angalau mara moja, kwa dhati, na Kinanda kila mara humjibu kwa kicheko, “Haya, Fundi wangu.” Fundi wangu! Kama mtu anayeongea na fundi bomba. Na kumbe ile nyingine anayo. Anayo nzima, yenye kiu, yenye kutetemeka, na kuna mtu anapewa.

Kilichozidi kumtia uchungu ni kwamba chumba kile cha kurekodia alikiziba yeye kwa mikono yake. Ndiko walikokutana. Mama wa mitambo alimwita avike kuta sponji na mlango ngozi ya bandia ili sauti isitoke wala isiingie, na siku ya kuijaribu kazi, Kinanda ndiye aliyetumwa ndani apige kelele. Fundi alisimama nje, akamwona kupitia kioo akifungua mdomo na kufumba, asisikie hata chembe, akampenda hapo hapo. Sasa kazi yake nzuri ilikuwa inamficha mchumba wake na mwanamume mwenye sauti ya chini. Ukimwambia mtu ajichimbie shimo hatakubali, lakini mwenzetu huyu alijichimbia, akalitia na sponji.

Alivua aproni, akafunga karakana mchana kweupe.

*

Jengo lilikuwa na ghorofa mbili, na chumba cha kurekodia kilikuwa juu, mwisho wa korido ndefu ya saruji. Fundi alipanda ngazi huku amejiandalia maneno makali ya kumwambia Besi. Alipofika juu, taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango, maana yake humo ndani wanarekodi. Na kwenye benchi la koridoni, mguu juu ya mguu, shati limenyooka vile vile, alikuwa amekaa Besi mwenyewe akimenya chungwa.

Fundi alipigwa na butwaa. Alimtazama Besi, akautazama mlango, akamtazama Besi tena.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Fundi. Huo uzee umenipa lini?” Sauti ya Besi ilitetemesha benchi.

“Nani yumo mle ndani na mchumba wangu?”

“Hakuna mtu. Yuko peke yake.”

“Peke yake vipi? Nimewasikia nyie wawili kwenye simu, mnajibizana.”

Besi aliangua kicheko, akajiziba mdomo haraka kwa sababu ya taa nyekundu. “Hatujawahi kusoma pamoja hata siku moja. Mashine ni moja mle ndani, anasoma mmoja mmoja. Yule mama ndiye anayetukata na kutuunganisha baadaye. Mimi sehemu yangu nilimaliza zamani, nikausomea ukuta wako. Ukuta mzuri, lakini haujibu. Leo nimeitwa kubisha mlango tu.”

“Kubisha mlango?”

“Wasioona wanataka wasikie mambo. Mlango ubishwe, miguu itembee. Kuna mahali yule bwana wa kitabuni anakuja kubisha.”

Fundi alisimama pale na maneno yake makali yasiyo na wa kuambiwa. Angepaswa kufurahi. Lakini moyo wa mwenye wivu una akili yake. Badala ya kutulia, ukauliza swali jipya, baya kuliko la kwanza.

“Sasa kama hakuambii wewe, anamwambia nani?”

Besi aliacha kumenya. “Hajakueleza?”

“Kanieleza ni kusoma tu.”

“Kile kitabu ni kifupi, kiko katikati ya Biblia, na ni cha mapenzi toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu na mtu wake. Wanasifiana, wanakosana, wanatafutana. Lakini watu wa imani tangu zamani wamekisoma hivi: yule bwana ni Mungu, na yule mwanamke ni sisi tunaomwamini. Ndivyo anavyotupenda. Si kama mfalme anavyowapenda raia zake, jumla jumla. Anatupenda kama mwanamume aliyependa, hali wala halali.” Akakata kipande cha chungwa. “Wengine tunakisoma hivyo kwa sababu tumefundishwa. Mwenzio anakisoma kama mtu aliyekuwepo.”

Mlango wa pembeni ulifunguka kidogo, kikachungulia kichwa chenye miwani. Ni Mama Mitambo, mwanamke mnene mwenye mkono mwepesi, ambaye hakumwogopa mtu yeyote ila kelele.

“Mnanong’ona kama tingatinga. Ingieni humu, mkae, mnyamaze.”

Wakaingia. Chumba cha mitambo kilikuwa na kioo kinachotazama kule ndani. Mama Mitambo alimtazama Fundi usoni, akaona kitu, na bila kuuliza akamvisha spika za masikioni.

Kinanda alikuwa amekaa kwenye kiti, kitabu mapajani, lakini hakukitazama. Aliitazama kona tupu, pale ambapo kitambaa kinakutana na kitambaa. Macho yake yalikuwa ya mtu anayemwona mtu mlangoni baada ya kumngoja muda mrefu. Na sauti! Kwenye simu ya dada ilikuwa imekauka kidogo. Hapa ilimwingia Fundi masikioni mbichi, na pumzi zake zote. Alikuwa anasema yeye ni wa mpenzi wake na mpenzi wake ni wake. Alilisema hilo polepole, wala hakujitapa. Kama mtu anayetaja nyumba yake iko wapi.

Fundi aliitazama ile kona kwa chuki. Alijua kila msumari wa kona ile, na hapakuwa na mtu, na mtu huyo asiyekuwepo alikuwa anatazamwa kwa jicho ambalo yeye hakuwahi kutazamwa nalo. Kama ni Besi, angeweza kumkunja shati. Angeweza kumwambia toka nje tukapambane. Huyu angemkunja wapi?

“Afadhali angekuwa Besi,” alinong’ona.

“Asante kwa kunifikiria,” Besi alijibu.

*

Taa nyekundu ilipozimika, Kinanda alitoka akiwa na chupa ya maji mkononi. Kumwona Fundi, uso ukamchanua.

“Fundi wangu! Umefuata nini mchana huu? Kochi limekushinda?”

“Usiniite hivyo.”

Tabasamu likazimika. Besi akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kumuuliza Mama Mitambo, akaingia ndani na chungwa lake. Wakabaki wawili koridoni.

“Kuna nini?”

“Nimekusikiliza. Nimevaa yale madude masikioni, nimekusikiliza.”

“Ndiyo?”

“Sauti ile umeitoa wapi?”

Kinanda alishusha macho kwenye chupa. “Ni ya kwangu.”

“Mwaka mzima nakuomba uniite mpenzi. Unacheka. Unaniambia Fundi wangu, umekula, nyundo imekuumiza? Kumbe unaijua! Kumbe ukitaka unaweza!” Sauti ilimpanda bila yeye kutaka. “Dada amesikia, amekasirika, amesema Jumamosi haji. Nikamtetea mtu wangu. Nikasema ni kazi. Nimekuja nimekuta si kazi. Ungekuwa unaigiza ningeelewa. Huigizi.”

“Siigizi.”

“Nani huyo?”

“Unajua ni nani. Besi amekwambia, namjua Besi.”

“Nataka nisikie kwako.”

“Namwambia Mungu,” Kinanda alisema. “Na nasoma yale ambayo Yeye ameniambia.”

Jibu la namna hii mchumba mwingine angelifurahia, akaenda kuwatangazia jamaa zake kwamba amepata mcha Mungu. Fundi alikuwa mtu wa kanisani, anajua nyimbo, anatoa sadaka, kila sikukuu anarekebisha benchi zilizolegea. Alimheshimu Mungu. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angegombea naye mwanamke.

“Mungu anaombwa,” alisema. “Anashukuriwa. Haangaliwi vile.”

“Nani kakwambia?”

“Mtu yeyote anajua!”

Kinanda aliketi kwenye benchi. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuudhi Fundi zaidi.

“Baba alipofariki nilimnunia Mungu,” alisema. “Hilo sijakwambia vizuri. Miaka mingi sikusali. Mama akinipeleka kanisani nakaa, nafikiria chakula. Nilikuwa nataka anikasirikie, anipige, tumalizane. Hakufanya kitu. Halafu siku moja niko kazini naita wagonjwa. Kuna bibi mmoja namwita, haitikii. Naita tena. Watu wanacheka. Nikajua huyu hasikii. Nikatoka kwenye dirisha langu, nikapita katikati ya watu wote, nikamshika bega. Yule bibi akageuka, akaniambia, mwanangu, nilidhani nimesahauliwa. Nikamwambia hapana bibi, unaitwa tangu asubuhi.”

Akaifungua chupa ya maji, akaifunga tena.

“Nilirudi kwenye dirisha langu, sikuweza kuita mgonjwa mwingine. Maana niliyemwambia si yeye tu. Ni mimi. Nilikuwa naitwa tangu asubuhi, Fundi. Mimi, si watu wote kwa jumla. Kule nyumbani baada ya msiba kila mtu alinihurumia. Hakuna aliyenitaka. Yeye alinitaka. Alinionea wivu, hakukubali niende zangu. Sasa nikisoma yale maneno unataka nisome na sauti gani? Ya kutangaza namba ya dirisha?”

Fundi alisikia, na hadithi ilimgusa, lakini wivu una masikio yake pekee. Katika yote yale alishika moja tu.

“Kwa hiyo mimi ninapata makombo.”

“Sijasema hivyo.”

“Yeye anapata ile sauti, mimi napata umekula.”

“Umekula ni neno dogo?”

“Ni dogo!” Alijiona anapiga kelele koridoni kama mtoto, na bado hakuweza kujizuia. “Chagua. Usomaji huu, au Jumamosi. Amalizie mtu mwingine. Wanawake wenye sauti wako wengi.”

Machozi yalimjaa Kinanda, hayakudondoka.

“Basi mwambie dada yako asihangaike kuvaa,” alisema. “Jumamosi msije.”

Alisimama, akaingia ndani, na ule mlango mzito ukafungika nyuma yake bila kelele yoyote, kwa kuwa ulitengenezwa na fundi mzuri.

Fundi alibaki ameduwaa. Alikuja kumtisha mtu, akatishika yeye. Mwaka mzima wa kumngoja nje ya hospitali, wa kuchekeana, wa kuchagua pamoja kitambaa cha kochi lao la kwanza, umekwisha kwa sentensi moja, na aliyeimaliza ni yeye mwenyewe na domo lake. Akageuka kuelekea kwenye ngazi.

“Wewe!” Ni Mama Mitambo, kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. “Viatu hivyo ni vya ngozi?”

“Ndiyo, mama.”

“Vizito?”

“Ni vya kazi.”

“Njoo hapa. Besi nimemjaribu, anabisha kama askari, na raba zake hazisikiki. Njoo unibishie mlango.”

“Mama, mimi naondoka.”

“Utaondoka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kubisha na kuondoka. Simama hapo kwenye mlango.”

Mama Mitambo alikuwa mtu wa aina ile ambayo ukibishana naye unachelewa tu. Alimning’inizia Fundi mashine ndogo ya kunasia sauti karibu na viatu, akaegesha nyingine kwenye kizingiti, akamweleza huku akirekebisha waya.

“Huyu bwana amekuja usiku. Kalowa umande mpaka kwenye nywele. Anampenda aliyemo ndani kupita kiasi. Sasa yule mwanamke amekwisha oga, amekwisha lala, anaona uvivu kuinuka. Anasitasita. Kwa hiyo hudai mlango, unauomba. Umenielewa? Unabisha, unangoja, hafungui. Nitakupa ishara kwa mkono, ndipo unaondoka. Polepole, kwa sababu hutaki kuondoka. Ukifika katikati ya korido utasikia mlango unafunguliwa na yeye anaita. Usisimame. Kakosa wakati, ndiyo maana yake. Tembea mpaka dirishani.”

Akarudi kwake. Taa nyekundu ikawaka.

Fundi aliinua mkono. Alikuwa amewahi kubisha milango mingi maishani, ya wateja na ya jamaa, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna namna ya kuubisha mlango bila kuudai. Aligusa kwanza. Halafu akabisha kwa vidole, taratibu, pale penye mbao, pembezoni mwa ngozi.

Akangoja. Hakusikia kitu. Hakujua kama Kinanda ameinuka, kama amekaa, kama analia, kama anacheka. Upande wake palikuwa na ukuta, mlango, na mkono wake mwenyewe bado uko juu. Akabisha tena. Tangu asubuhi alikuwa amemwona mpinzani wake kichwani: amekaa mle ndani, kwenye ile kona, anatazamwa. Hakuwahi kumfikiria akiwa hapa. Kumbe hapa ndipo alipo. Kumbe huyu anayeonewa wivu na fundi mzima wa makochi ndiye amesimama nje na nywele zimelowa, mwenye mali yote, anaomba kufunguliwa na mtu mwenye uvivu wa kuvaa.

Mama Mitambo alipunga mkono. Fundi akaanza kutembea. Viatu viligonga saruji. Hakutaka kuondoka, na kwa hiyo hakuhitaji kujifanya. Katikati ya korido mlango ulifunguka nyuma yake, na ikaja ile sauti. Ile ile, mbichi, yenye kiu, ikaita mpenzi, na ikampiga mgongoni.

Akageuka.

“Katisha!” Mama Mitambo alifoka. “Nani kakwambia ugeuke? Miguu imekatika!”

“Ameniita,” Fundi alisema.

“Hajakuita wewe!”

Besi alitazama dari. Kinanda alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, na wakatazamana yeye na Fundi kwa urefu wa nusu korido. Hakuna aliyetabasamu. Hajakuita wewe. Lilimuuma Fundi kuliko nyundo, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

“Turudie,” alisema, akarudi mlangoni mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mara ya pili alibisha vile vile, akangoja, akaona ishara, akaondoka. Mlango ukafunguka. Sauti ikaita. Ilimvuta shingo, ilimvuta mabega, kila mfupa mwilini ulitaka kugeuka, naye akaendelea kutembea. Na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyoelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumhubiria. Anayeondoka anasikia. Anasikia kila neno, na kila hatua inamuuma, na huenda hata hakuwa anakwenda mbali, huenda alitaka tu kujua kama atafuatwa. Fundi alifika dirishani, akashika nondo, machozi yakamtoka. Alikuwa bado ana wivu. Lakini sasa aliona haya kidogo, maana hata yeye, kwa miaka yote ya kurekebisha benchi, hakukumbuka kama amewahi kuinuka akafungua.

Taa ikazimika. Alisikia ndara zinakuja nyuma yake.

“Hukugeuka,” Kinanda alisema.

“Haikuwa yangu.”

“Haikuwa yako.” Alisimama pembeni yake, wakitazama wote mapaa ya mabati chini. “Na sitakudanganya, Fundi. Ile sina ya kukupa. Nikikupa wewe utakufa nayo. Siku ukinuna nitakuwa sina Mungu. Siku ukiugua nitakuwa sina Mungu. Unataka nikubebeshe hayo?”

Fundi alifikiri. Alijipima mabega yake, ambayo yalikuwa mapana, na akaona hayatoshi.

“Hapana,” alisema.

“Lakini umekula ni yako peke yako. Sijawahi kumuuliza mwanamume mwingine kama nyundo imemuumiza. Yeye hapigwi nyundo. Naamka asubuhi nafikiria vidole vyako, unajua? Vidole vyako kumi vyote. Hilo nalo unaliita makombo.”

Fundi aliuficha nyuma ule mkono wenye kidole kilichovimba. Kinanda akauvuta, akakitazama kidole, akashusha pumzi.

“Nimekukosea,” Fundi alisema. “Nilisema chagua. Sikuwa na haki ya kukuchagulisha kitu kama kile. Soma mpaka mwisho. Ila nakwambia mapema, wivu nitauona. Nitakusikia unaomba chumbani na nitauona. Sijui kujifanya.”

“Uone tu. Na Yeye anao.”

“Anao?”

“Sana. Siku utakaponiacha nimsahau kwa ajili yako, ndipo utakapomjua.”

“Basi nyumba yetu itakuwa na wenye wivu wawili.”

“Na mimi katikati,” Kinanda alisema, na sasa machozi aliyoyazuia yakadondoka pamoja na kicheko. “Masikini mimi. Jumamosi mje saa nne, msichelewe, mama hapendi.”

Simu ya Fundi iliita. Alikuwa dada, na nani mwingine? Fundi aliiweka sikioni akiwa bado amemshika Kinanda mkono.

“Umeyatengeneza?” dada aliuliza, bila salamu.

“Nimeyatengeneza. Jumamosi tunakwenda, dada. Vaa vizuri.”

“Na yule mwanamume je? Yule anayemwita mpenzi?”

Fundi alimtazama Kinanda, kisha akaitazama ile korido tupu nyuma yao.

“Naye anakuja,” alisema.